Onja Kwanza

"Hajapita?"

"Hajapita."

"Saa ngapi sasa?"

"Dada Mukasine, umeniuliza sasa hivi. Kumi na mbili na robo. Saa haiendi mbio kwa kuulizwa."

Aliyenijibu ni Nizeyimana, mchoma nyama wetu, akiwa amechutama anapuliza makaa. Mimi nilisimama mlangoni mwa mgahawa pale Gisimenti, nimeshika glasi ya maji. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 15 Novemba 1993. Watu wakiniuliza nilimpoteza lini Twagirayezu, mimi hutaja siku hiyo. Wao huniambia nimekosea tarehe, nimeruka miezi. Labda. Mimi mwenyewe sijui vizuri namna ya kuhesabu.

Twagirayezu alikuwa seremala. Kila asubuhi alitoka kwao Ndera akikimbia, nguo za kazi mgongoni kwenye mkoba, hadi karakana yao ya Remera. Alikuwa katika kikundi cha wakimbiaji cha mwalimu Léonidas. Kwa miaka miwili alisimama mlangoni kwangu saa kumi na mbili kamili. Nilionja funda moja mbele yake, kama desturi yetu ilivyo, mgeni aone kinywaji hakina kitu kibaya, kisha nikampa glasi. Alikunywa palepale nilipoweka mdomo. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu mbele za watu.

Chakula changu hakukigusa.

"Mwalimu amekataza," alizoea kusema. "Chipsi, burusheti, soda, bia, vyote hapana. Anasema chakula cha mgahawa ni adui wa mguu. Tule vya nyumbani. Viazi vitamu, maharage, mchicha, uji wa mtama, maziwa."

"Kwa hiyo mimi nauza maadui?"

"Wewe unauza harufu. Nikiisikia tu, miguu inataka kugeuka yenyewe."

"Basi iache igeuke."

Alicheka, akarudisha glasi, akaondoka. Nilimwangalia mpaka akapotea.

Jumamosi ile, kabla ya mbio za kutoka Kanombe hadi mjini, alikuja jioni kuniaga. Wakimbiaji watano wa kwanza wangepelekwa Nairobi. Alikuwa ameiota Nairobi mwaka mzima.

"Miaka miwili hujala hata kijiti kimoja cha nyama kwangu," nilimwambia. "Ukinioa utakula kwa nani?"

"Kwako."

"Anza leo, nijue."

"Leo? Mukasine, kesho ni mbio."

"Nimeelewa. Chakula changu ni cha wengine."

Alitazama barabarani. Kwetu mwanamume mwenye heshima hali chakula mbele za watu, kwa hiyo aliingia chumba cha nyuma, akavuta pazia, akala burusheti moja, mshikaki wa mbuzi, na chipsi kidogo. Alipotoka alikuwa anajifuta mdomo kama mwizi.

"Mwalimu akiniuliza?"

"Mwambie umekula nyumbani."

Kesho yake nilisimama kando ya barabara na watu wote wa Gisimenti. Alipita wa sita. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu, wala hakunitazama. Walisema kwamba kwenye mteremko wa Kimihurura aliingia majanini akishika tumbo, na mbio zikaisha bila yeye.

Ndiyo maana Jumatatu nilikuwa mlangoni na glasi.

"Nizeyimana, nyama ile ilikuwa na nini?"

"Ilikuwa na mbuzi. Alichinjwa Jumamosi asubuhi. Watu arobaini wamekula, hata mimi nimekula. Je, nimekufa?"

"Mkimbiaji ana tumbo lingine."

"Tumbo ni tumbo, dada."

Maji yalikaa kwenye glasi mpaka mchana.

Jumanne aliingia mama mrefu, amejifunga kitenge vizuri. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Paji lake la uso lilikuwa la Twagirayezu. Alikuwa Mukankusi, mjane, mama mwenye mtoto mmoja na ng'ombe mmoja.

"Karibu, mama."

"Niletee chai."

Nilimpelekea kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Onja kwanza," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

Vijiko vilisimama kwenye meza zote. Nyumbani mwenyeji huonja bila kuambiwa. Mgahawani hakuna anayeonja. Ukiambiwa vile mbele za watu, umeitwa mchawi wa sumu. Nikaonja. Aliangalia kikombe kilichopungua funda moja, akasimama.

"Mtoto wangu alikuwa na miguu miwili tu. Ndiyo shamba langu."

Akaenda zake, chai akaiacha.

Kufika Ijumaa meza zilikuwa tupu. Maneno yalitembea kuliko mimi: mimi, binti wa dereva wa malori, nimemlisha kijana wa Ndera kitu ili anioe. Nilimwaga mafuta yote. Nilibadilisha sufuria. Asubuhi niliamini ni mimi niliyemwangusha, jioni nikakataa, nikilala nikaamini tena.

Nilikwenda duka la jirani kupiga simu kwenye karakana.

"Haloo, karakana."

"Nataka Twagirayezu, tafadhali."

Nilisikia msumeno, kisha pumzi zake.

"Ni mimi," nilisema. "Kwa nini hupiti?"

"Mukasine, usipige hapa."

"Unapita wapi siku hizi?"

"Kimironko."

"Kwa sababu yangu?"

Msumeno uliendelea. Simu ikakatwa. Siku mbili baadaye nililetewa karatasi iliyokunjwa mara nne: *Mukasine, sikulaumu. Ni mambo ya nyumbani. Usiniulize. T.*

"Hanilaumu!" nilimwambia Nizeyimana. "Asiyekulaumu si anapita mlangoni kwako?"

"Mtu anayepitia Kimironko anazunguka mlima mzima, dada. Huyo ana deni na wewe, au wewe una deni na yeye."

"Lipi kati ya hayo?"

"Mimi ni mchoma nyama tu."

Noeli ilipita hivyo. Sikumtafuta tena. Nilikuwa na kiburi, na kiburi changu kilikula siku ambazo leo ningezinunua kwa chochote.

Siku moja ya Februari, mchana, mlango wa nyuma ulifunguliwa. Akaingia mwalimu Léonidas, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi.

"Burusheti mbili, chipsi, pilipili nyingi. Weka nyuma ya pazia."

Nilivuta pazia, nikamgeukia.

"Mwalimu! Na adui wa mguu je?"

"Bon, sawa. Mguu wangu umestaafu, binti yangu. Tumbo ndilo liko kazini."

Nizeyimana alicheka mpaka akakohoa. "Dada, huyu anakuja kila mwisho wa mwezi ukiwa sokoni. Aliniapisha nisiseme."

Mwalimu alikula haraka, jasho likimtoka. Alipochungulia kwenye pazia na kuona meza zote tupu, aliacha kutafuna.

"Bado wanasema ni wewe?"

"Wewe uliwafundisha."

"Niliwaambia chakula cha mgahawa ni kibaya. Sikuwaambia ni chako." Aliweka kijiti chini. "Siku ile mimi ndiye niliyemshika kichwa majanini. Kilichotoka kilikuwa maziwa. Maziwa yaliyokatika, mengi. Nyama sikuiona, kiazi sikukiona."

Nilikaa chini.

"Umenyamaza miezi mitatu, mwalimu?"

"Ulitaka nisimame mbele ya kikundi niseme maziwa ya mama yake yamemwangusha? Kwetu maziwa hayasemwi vibaya."

"Burusheti zangu zinasemwa?"

"Burusheti hazina mama," alijibu, akainama.

Kesho yake alfajiri nilikwenda Kimironko, mikono mitupu. Nilisimama katikati ya njia. Alikuja akipanda mlima polepole, amekonda. Aliponiona alisimama mbali kidogo.

"Yalikuwa maziwa," nilisema.

Hakuniuliza nani ameniambia.

"Nilijua kwenye funda la kwanza," alisema. "Yalikuwa na ladha mbaya. Lakini mama alisimama ananitazama. Alisema, kunywa yote, mwanangu, yatakufikisha Nairobi."

"Ukanywa yote."

"Ningemrudishia?"

"Na aliposema ni mimi?"

"Mimi sikusema ni wewe."

"Hukusema si mimi."

Alikaa kwenye jiwe, akashika kichwa.

"Akijua ni maziwa yake, hatainuka tena. Wewe una nguvu, Mukasine. Nilidhani utavumilia."

"Kwa hiyo mwenye nguvu ndiye anayebebeshwa?"

"Nimechanganyikiwa. Nikiwa nyumbani naona nimefanya vizuri. Nikikuona wewe, naona nimekuua."

"Basi niangalie vizuri. Ukimaliza, nenda nyumbani."

Aliniangalia muda mrefu. Kisha aligeuka, akarudi Ndera akitembea. Sikujua nimemshinda au nimemfukuza.

Wiki tatu sikusikia kitu. Jumapili moja ya Machi, watu wakitoka kanisani, alikuja amevaa shati jeupe. Hakuingia.

"Nizeyimana! Nisaidie kutoa meza nje."

"Nje wapi, kaka?"

"Hapo kando ya barabara. Na kiti."

"Unataka kufanya nini?" nilimuuliza.

"Kula. Burusheti tatu na chipsi. Nina njaa."

"Twagirayezu, watu wanakuangalia."

"Ndiyo maana nataka nje."

Alikaa. Watu walisimama kama wanaoangalia ajali. Mwanamume mzima wa Ndera, mtoto wa Mukankusi, anakula barabarani mchana! Alikula kijiti baada ya kijiti, masikio yamemwiva kwa aibu. Alipomaliza alisimama, akasema kwa sauti:

"Chakula cha huyu binti hakikuniumiza mwaka jana, wala leo. Anayetaka kujua kama nitaanguka, kesho saa kumi na mbili nitapita hapa. Aje aone."

"Mdomo wa Ndera umefunguka!" Nizeyimana alipiga kelele, na watu wakacheka. Wawili wakaingia kuomba chai.

Nilimsogelea.

"Mama umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu. Aliendelea kukamua."

Kesho yake alipita. Nilionja maji, nikampa. Kuanzia siku hiyo niliweka pia sufuria ya maharage na nyingine ya viazi vitamu vya kuchemsha, kwa ajili ya wakimbiaji. Alikuwa akinitania: "Sasa una chakula cha adui na chakula cha rafiki." Tulipanga baba yake mdogo aje kuniposa Jumamosi, tarehe 9 Aprili. Nilimuuliza kila asubuhi kama mama yake atakuja. Kila asubuhi alijibu, "Sijui. Anakamua tu."

Jumatano tarehe 6 alikunywa maji yake akaenda. Alhamisi mauaji yalikuwa yameanza, hakuna aliyepita barabarani.

Sitaandika hapa tuliyoyaona. Mimi nilifichwa na watu, nikatoka Julai. Nizeyimana hajaonekana mpaka leo. Mwalimu Léonidas walisema amekufa.

Septemba nilikuwa nimefungua mlango wa mgahawa, nina birika moja na viti viwili. Mukankusi alikuja kwa miguu kutoka Ndera. Kitenge kilikuwa kilekile. Alikaa mahali palepale.

"Karibu, mama."

"Asante, mwanangu. Kama una chai."

Nilileta kikombe kwa mikono miwili, nikakiinua mdomoni. Alinishika mkono.

"Usionje."

Tulibaki hivyo, kikombe kati yetu.

"Ng'ombe aliumwa kiwele wiki ile ya mbio," alisema. "Nilijua. Mtoto aliponiambia ni maziwa, hakuniambia jambo jipya. Ningemwambiaje, siku ya mbio zake, kwamba hakuna maziwa?"

"Ndiyo maana ukaja kwangu."

"Ndiyo maana nikaja kwako."

Nilitaka kumkasirikia. Hasira nilikuwa nayo tayari tangu zamani, lakini nilipoitafuta sikuiona ilipo. Nikauliza lile nililoogopa.

"Mama, alikimbia?"

"Hakukimbia. Nilimwambia, kimbia, wewe una miguu, fika hata Tanzania. Akasema, nikuache na nani? Akakaa karibu yangu. Walipokuja walimchukua yeye, mimi wakaniacha." Alipokea kikombe. "Jirani alinisaidia kumzika, juu ya shamba la mtama. Nitakupeleka."

Akanywa.

Nilipaona. Ni mahali pa kawaida. Nilisimama pale bila kujua kama ninamlilia yeye, au ile miezi aliyopitia Kimironko.

Sasa ni Desemba. Mukankusi analala kwenye chumba cha nyuma, penye pazia. Mafuta ya kukaangia ni ghali, kwa hiyo tunauza viazi vitamu vya kuchemsha, maharage na mchicha. Winifred, mteja aliyerudi kutoka uhamishoni Kampala, huuliza chipsi kila siku, nami humwambia labda wiki ijayo. Saa kumi na mbili namletea Mukankusi chai yake, kikombe kimejaa hadi ukingoni.