Mkono wa Kushika Kamera

Soko la Morogoro lilikuwa limefurika asubuhi ile, harufu ya machenza na nyanya mbichi imejaa kila kichochoro, Shamsia aliposikia mwanamume nyuma yake akimwambia muuzaji, "Nichagulie yenye maganda magumu. Utamu haunihusu."

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe la mikono mirefu, viatu vimeng'arishwa kama anakwenda harusini, alikuwa akibonyeza chenza moja moja kwa kidole gumba.

"Kaka, chenza halichaguliwi kwa ganda," Shamsia alimtania.

"La kula, hapana. Haya ni ya kupasuliwa."

"Kupasuliwa?"

"Upasuaji kabisa, dada yangu. Kwa nusu kaputi ikibidi."

Shamsia alicheka mpaka mtandio wake wa rangi ya samli ukateleza begani. Akaenda zake bila kumuuliza jina, na njia nzima mpaka nyumbani kwake Kihonda akawa anajilaumu.

Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya Daktari Cecilia, mojawapo ya hospitali za watu binafsi zilizochipuka miaka ile ya soko huria, simu ya mkononi ikiwa bado kitu cha kuringia. Jumatatu yake daktari aliwaita wauguzi waione mashine mpya ya kupasua kwa matundu madogo. Pembeni ya mashine, kapu la machenza mbele yake, alisimama yule kijana.

"Huyu ni Mansuri, ametoka Dar es Salaam kutufundisha," alisema daktari.

Mansuri alimwona Shamsia, akasahau alichotaka kusema.

Aliwafundisha taratibu. Tumbo hujazwa gesi likainuka kama hema. Kamera nyembamba hupita kwenye tundu moja, vyombo virefu kwenye mengine, na kila kitu huonekana kwenye televisheni. Waliweka machenza ndani ya boksi, wakayamenya kwa vyombo hivyo huku macho yakiwa kwenye kioo cha televisheni. Ukipeleka mkono kushoto, ncha inakwenda kulia. Chenza la kwanza la Shamsia lilitoka limepondeka, la tatu likatoka zima.

"Na anayeshika kamera," Mansuri alisema, akichovya lenzi kwenye maji ya moto isiingie ukungu, "ndiye macho ya daktari. Akiyumba, daktari ni kipofu."

Siku zile Shamsia alikuwa kama mtu anayetembea usingizini. Jioni mawingu yakishuka kutoka milima ya Uluguru na kulala juu ya mapaa, wawili hao walitembea polepole wakinusa mvua iliyokuwa bado mlimani.

"Ng'ambo kuna mashine yenye mikono," Mansuri alimwambia. "Daktari anakaa kwenye kiti pembeni, mikono ile inamfuatisha."

"Na muuguzi anafanya nini?"

"Anabaki karibu na mgonjwa. Hilo halina mashine."

Usiku Shamsia akiwa zamu, Mansuri alimpigia simu hospitali kutoka nyumba ya wageni.

"Haloo, ni thieta?"

"Thieta imefungwa, mpenzi. Labda umeze panado."

"Panado haitibu hii."

Kisha Shangazi Mwanaheri akashuka kutoka milimani, akiugulia mawe kwenye mfuko wa nyongo. Ndiye aliyemlea Shamsia baada ya mama yake kufariki. Hospitalini kulikuwa na sheria: hakuna anayeingia kwenye upasuaji wa ndugu yake. Shamsia aliijua, lakini hakustahimili kubaki nje ya mlango ule. Akanyamaza, asimwambie mtu kwamba mgonjwa ni shangazi yake.

Upasuaji ulianza vizuri. Kamera ilikuwa mkononi mwa Shamsia, Mansuri amesimama nyuma yake. Mara damu ikatiririka kwenye kioo, kidogo tu, lakini ilikuwa damu ya shangazi. Picha ikaanza kuyumba.

"Kamera! Sioni!" alisema Daktari Cecilia.

Mkono wenye glovu ulipita ubavuni mwa Shamsia ukaichukua kamera. Mansuri hakusema neno. Picha ikatulia, daktari akaubana mshipa, damu ikakoma. Shamsia alirudi nyuma ukutani, uso unawaka ndani ya barakoa. Mbele ya wenzake wote! Kama mtoto aliyenyang'anywa kisu.

Jioni ile hakumsubiri. Mansuri alirudi Dar es Salaam, akapiga simu tena na tena. "Mwambieni nina kazi," Shamsia alijibu kila alipoitwa.

Shangazi alipona haraka, akarudi kwake. Shamsia alipopanda mlimani kumjulia hali, alimkuta anapalilia maharage.

"Shikamoo, shangazi. Jembe tena?"

"Marahaba, mwanangu. Vidonda vyenyewe hata kuku hawezi kuvidonoa. Yule kijana hajambo?"

"Kijana gani?"

"Aliyekuwa anasukuma kitanda. Tulipofika mlangoni nilimwambia, nitunzie mwanangu Shamsia, nimemlea mwenyewe. Akashtuka! Akaniambia, nitamtunza, mama, wala sitamwambia mtu."

Shamsia aliketi palepale kwenye tuta.

Siku ya pili alimweleza Daktari Cecilia ukweli wote. Akahamishiwa wodini, adhabu isiyokuwa na mwisho uliotajwa. Ndipo akapiga simu.

"Haloo?"

"Mansuri. Mbona hukuniambia kwamba ulijua?"

"Mle ndani ningekuponza. Baadaye hukunipa nafasi. Na mimi nilikosa, Shamsia. Ilinipasa nikuzuie mlangoni. Niliogopa utanichukia."

"Nilikuchukia hata hivyo."

"Na sasa?"

"Sasa niko wodini, nabadilisha mashuka. Njoo unione."

Alikuja Jumamosi. Walipanda njia ya mlimani, yeye Shamsia na gauni la kitenge cha kijani, ukungu ukiwafungukia mbele na kujifunga nyuma yao, mto ukisikika chini bila kuonekana.

"Nataka kuwatuma wazee kwa shangazi," Mansuri alisema.

"Kwa sharti moja. Nikikosea, unaniambia. Hata kama nitachukia, hata kama nitalia. Usininyang'anye kitu kimya kimya tena."

"Nitakuambia. Na wewe ukiogopa?"

Shamsia alitazama mabonde yaliyofunikwa, asione hata paa moja la mjini.

"Naogopa sasa hivi," alisema, akampa mkono.