Siku Pua Ilipoziba

Kila Jumamosi, kabla umande haujakauka, shangazi aliitoa mashine ya kukatia nyasi uani, akaiegesha karibu na ukuta, kisha akasimama kando akisubiri. Binti wa kaka yake alikuwa ameshaijua kazi yake. Alikuja na kikopo cha maji ya sabuni na brashi kuukuu ya rangi, akafungua koki ya mtungi wa gesi taratibu, akapaka povu kwenye kila kiungo: pale mpira unapoungana na mtungi, pale unapoingia kwenye regyuleta, na pale unapofika kwenye injini. Alitazama kama kuna mapovu yanayovimba. Halafu aliinama, akaunusa mpira wote kuanzia juu hadi chini, bila haraka.

"Haya, Pua, unasemaje?" shangazi aliuliza.

"Safi, shangazi."

"Funga koki. Twende."

Mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote ya wiki nzima.

Msichana huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake alifariki akiwa bado mdogo, na mwanzoni mwa mwaka mama yake alipata kazi ya mkataba katika nchi ya mbali. Ndipo akaletwa kwa shangazi. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Chakula kilikuwapo, na sare za shule zilipigwa pasi zikanyooka. Lakini alikuwa mtu wa maneno machache, aliyezoea kuishi peke yake na ngurumo za injini. Wakila chakula cha jioni, kilichosikika ni vijiko tu, na bomba la jikoni lililokuwa likidondosha tone moja moja.

Shuleni nako mambo yalikuwa yale yale. Wenzake walikuwa wamefahamiana tangu darasa la kwanza, na yeye aliingia katikati kama mgeni aliyechelewa sherehe. Wakati wa mapumziko alilizunguka jengo la madarasa kwa hatua za haraka, kama mtu aliyetumwa mahali, ili asionekane kwamba hana pa kwenda. Alipomaliza kulizunguka, alianza upya.

Zamani mashine ile ilikuwa ya petroli. Shangazi alikata nayo nyasi za maktaba, za zahanati na za nyumba kadhaa za mtaani. Tatizo lilikuwa kwamba akikaa muda bila kazi, petroli iliganda ndani ya kabureta, matundu yake madogo yakaziba, na mashine ikaanza kukohoa na kuzimika katikati ya uwanja. Wakati wa likizo alimwita fundi gesi aibadilishe.

Fundi alikuwa kijana mwembamba aliyependa kuzungumza na vyuma kuliko watu. "Njoo, bibie, usinionee haya," aliiambia nati iliyoshika kutu, na msichana, aliyekuwa akimpokeza spana, akajikuta akicheka. Fundi alimwaga petroli yote, akang'oa tangi lake, akafunga kibao cha chuma nyuma ya mpini ili mtungi mdogo wa gesi usimame wima. Kisha akaweka regyuleta, akapitisha mpira, na kati ya kabureta na kichungi cha hewa akapachika kifaa cha kuchanganya gesi na hewa.

"Sasa injini ikivuta pumzi, ndipo regyuleta inaachia gesi," alieleza. "Injini ikizimika, na yenyewe inafunga. Lakini koki ya mtungi lazima mfunge kwa mkono, kila mara. Regyuleta haiwezi kuzuia kinachovuja kabla hakijaifikia."

Alipaka povu kwenye viungo vyote, akaridhika, akavuta kamba. Mashine ikanguruma bila moshi wala harufu ya petroli.

"Kazi hii si ya kubahatisha," fundi alisema akifuta mikono. "Mimi nimeisomea. Mtu anayeunga mpira kwa waya na plastiki nyumbani kwake hajatengeneza mashine, ametengeneza bomu." Akaendelea: kichungi cha hewa kisafishwe, plagi itazamwe, oili ibadilishwe hata kama bado inaonekana safi, maana gesi haiichafui upesi lakini oili huchoka hivyo hivyo. Mtungi usilale ndani ya nyumba. "Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu. Inatambaa sakafuni na kutulia pale, inangoja cheche. Kwa hiyo povu kabla ya kila kazi. Na pua. Ukisikia harufu, umeonywa."

Shangazi akatabasamu kidogo. "Fundi, pua yangu ni pambo tu. Tangu nilipougua mwaka juzi sinusi kitu. Chakula kikiungua najua kwa kuona moshi."

Fundi akamtazama msichana. "Basi pua yako ni huyu hapa."

Tangu siku ile jina hilo likamganda, na yeye akalipenda. Kunusa ndilo jambo pekee katika nyumba ile ambalo shangazi hakuweza kulifanya bila yeye.

Ijumaa moja alinyeshewa akitoka shuleni. Jumamosi aliamka kichwa kizito, pua imeziba kabisa. Alisogeza kipande cha sabuni usoni: kimya. Akaenda jikoni akakata kitunguu. Kitunguu kikamtoa machozi, lakini harufu hakuisikia.

Alisimama na kile kitunguu mkononi, akafikiri. Akimwambia shangazi, huenda atamwita kijana wa jirani, yule anayezungukazunguka uani kila akiiona mashine. Kijana atanusa, kijana atakwenda kazini, na yeye atabaki kutwa nzima na bomba lile linalodondosha. Jumamosi ndiyo siku pekee waliyokuwa wakitoka pamoja. Hata kama hawakuzungumza, walikuwa wawili.

Akaenda uani. Alipaka povu kwenye viungo vyote, na vyote vilikuwa salama. Kisha akainama kwenye mpira, akavuta hewa kwa mdomo kwa sauti ili asikike ananusa.

"Haya, Pua, unasemaje?"

"Safi, shangazi."

Siku hiyo kazi ilikuwa kwenye zahanati. Mlinzi wa pale alikuwa mzee waliyemwita Spika, kwa sababu hata akinong'ona alisikika mpaka barabarani. Shangazi alikata nyasi, msichana akazikusanya kwa reki. Mara mashine ilipoteza nguvu kidogo, ikarudi, ikapungua tena. Shangazi alikunja uso, lakini aliendelea.

Walikuwa wamefika nusu ya uwanja mvua iliposhuka kwa ghafla. Shangazi alizima injini na kuisukuma mashine mbio hadi kwenye stoo ya vifaa. Wakati huo huo muuguzi alitokea barazani akiita watu wamsaidie: magodoro ya wagonjwa yalikuwa yameanikwa nje na yalikuwa yakilowa. Shangazi akakimbilia huko. Katika haraka hiyo, hakufunga koki ya mtungi.

Msichana alibaki peke yake chini ya upenu wa stoo. Barazani kwa mbali watu walikuwa wamesongamana, wanasaidiana kubeba magodoro, wanacheka jinsi walivyolowa. Alitamani kwenda, lakini hakuna aliyemwita, na hakujua aende aseme nini.

Spika akatokea langoni chini ya mwavuli. Mkono mmoja alibeba jiko la mkaa, makaa yake yakiwaka mekundu.

"Mjukuu wangu, nisogezee hiyo ndoo hapo mlangoni," alisema kwa sauti yake kubwa. "Kibanda changu kinavuja. Nataka nichemshe chai yangu humo ndani."

Msichana akaisogeza ndoo. Halafu akageuka kuitazama stoo. Mashine imo ndani. Ameshasema ni safi, na huenda kweli ni safi. Viungo si alivipaka povu mwenyewe? Akisema sasa, watu wote watajua amedanganya, na kama hakuna kinachovuja atakuwa amejiaibisha bure. Akinyamaza, pengine yatapita tu. Spika alikuwa anakaribia. Akakumbuka fundi alivyosema: inatambaa sakafuni, inangoja cheche.

Akasimama katikati ya mlango, mikono yake imeshika miimo huku na huku.

"Babu, tafadhali usiingie na moto."

"Kwani kuna nini? Kila siku nachemshia humo."

"Kuna mashine ya gesi, na sijui kama ni salama." "Nilimwambia shangazi nimenusa. Sikunusa. Nina mafua, sisikii harufu yoyote."

Spika alisimama pale pale. Alimtazama, akalitazama jiko, kisha akageuka na kwenda kulimwaga kwenye dimbwi kule langoni. Makaa yakalia, mvuke ukapanda. Aliporudi mikono mitupu alichungulia ndani ya mlango, akarudi nyuma haraka.

"Mjukuu wangu, humu kunanuka gesi," alisema. "Kunanuka sana."

Msichana hata wakati ule hakusikia harufu yoyote.

Kwa mara ya kwanza sauti ya Spika ilifaa. Shangazi aliisikia kutoka barazani, akaja mbio viatu vikichuruzika maji. Alipoambiwa, hakugusa swichi ya taa. Aliwaamuru wasogee mbali, akaufungua wazi mlango wa mbele na wa nyuma, akaingia kwa haraka, akafunga koki na kuisukuma mashine nje kwenye mvua. Hakumruhusu mtu kuingia tena humo mpaka upepo ulipopita vya kutosha na harufu ikaisha, kama Spika alivyothibitisha mara tatu.

Mvua ilipokatika, shangazi alipaka povu si kwenye viungo tu, bali mpira mzima, akafungua koki kidogo. Chini ya klipu iliyoushika mpira kwenye mpini, povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Akafunga.

Waliisukuma mashine hadi nyumbani. Njia ilikuwa ile ile, lakini siku hiyo ilionekana ndefu. Shangazi alitangulia, mgongo wake umenyooka kama ubao, na msichana alifuata nyuma na reki, akitamani agombezwe. Kugombezwa kungekuwa nafuu kuliko ukimya ule.

Mchana fundi alikuja. Aliukata ule mpira na kuwaonyesha ufa mwembamba kama unywele. "Ulikuwa unasuguana na chuma kila mashine ikitetemeka," alisema. Akaweka mpira mpya, akaihamisha klipu, akauvika mpira kinga pale unapopita karibu na chuma. "Povu mlikuwa mnapaka viungo tu, eh? Kuanzia leo, na mpira wote. Na mpira ukionyesha uchakavu, msiuonee huruma, badilisheni."

Fundi alipoondoka, msichana aliingia chumbani kwake, akavuta begi chini ya kitanda na kuanza kukunja nguo. Hakusikia shangazi akifika mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Nilifikiri utanirudisha."

"Kwa nani?"

Msichana aliiacha blauzi aliyokuwa akiikunja ianguke ndani ya begi. Shangazi aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakuwahi kukaa humo tangu msichana alipohamia.

"Kwa nini hukuniambia kwamba pua imeziba?"

"Kwa sababu ndiyo kazi yangu." Msichana aliitazama sakafu. "Nilisema moyoni, ukijua haifanyi kazi utaniacha nyumbani peke yangu. Na mimi sipendi kubaki peke yangu, shangazi. Siku zote niko peke yangu."

Shangazi alizungusha pete ya kidole chake.

"Mimi nilidhani wewe ndiye unayependa ukimya," alisema hatimaye. "Nikasema, nisimsumbue mtoto wa watu kwa maneno. Kumbe tumekaa nyumba moja kila mtu na upweke wake."

Akaichukua blauzi kutoka kwenye begi, akaitandaza magotini. "Sikiliza, mwanangu. Sikukuchukua kwa sababu ya pua. Nimekuchukua kwa sababu wewe ni mtoto wa kaka yangu, hata ukiwa huna pua wala masikio. Ungeniambia huwezi kunusa leo, tungetafuta njia nyingine: tungepaka povu mpira wote, tungemwomba jirani atusaidie. Kusema hujui si aibu. Hatari ni kusema safi na wewe hujui, maana wote tuliokuamini tunatembea tumefumba macho. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi. Nisamehe."

"Na mimi nimekosa. Koki ilikuwa juu yangu, mvua isiwe kisingizio. Nimemwambia Spika hivyo, nimemwambia na muuguzi." Sauti yake ikalainika. "Lakini pale mlangoni ulisema kweli kabla hujajua kama kuna hatari au hakuna. Ungeweza kunyamaza ukategemea bahati, na yule mzee angeingia na moto wake. Ukweli uliosemwa mapema umeokoa watu leo. Shika tabia hiyo, hata pale utakapokuaibisha."

Aliikunja blauzi, akairudisha kabatini mwenyewe, kisha akakaa tena.

"Darasani unakaa na nani?" aliuliza.

"Na ukuta."

Shangazi alitaka kucheka, akaona kwamba si mzaha.

"Basi nieleze habari za huo ukuta," alisema, akisogea kumwachia nafasi. Msichana akaketi kando yake, akaanza kueleza.