Kidole Gumba cha Sébastien

Jumamosi saa saba mchana Skärholmen, pembeni mwa Stockholm, ilikuwa imejaa. Watu walitoka kwenye treni wakamwagika uwanjani, penye meza za nyanya na ndizi za kupika. Wamaitha Wanjohi alipita katikati yao akiongea na simu, koti jekundu mpaka magotini, kofia ya sufu juu ya misuko yake, mfuko wa wavu begani. Mfuko ulikuwa na tundu. Kitu cha njano kikachomoka, kikaanguka.

"Mama! Umeangusha kiatu!"

Aligeuka. Mwanamume mrefu wa miaka arobaini na kitu, ndevu zimechongwa vizuri, amevaa koti la kazi lenye mistari inayong'aa, alikuwa ameshika pezi moja la kupigia mbizi.

"Umejuaje naongea Kiswahili?"

"Unaongea na simu sawa vile unauza samaki. Soko yote inasikia."

Kwenye simu, rafiki yake Natalie aliangua kicheko.

"Na hicho si kiatu," Wamaitha alisema.

"Ni kiatu ya bata."

"Bata ya dukani ama ya ziwani?"

"Ya ziwani. Ile ya dukani nilivaa shuleni, haikuwa mrefu hivi."

"Halafu usiniite mama. Sijakuzaa."

"Kwetu Uvira mama ni heshima."

"Kwetu Nyeri ni uzee."

Alicheka kwa sauti nene iliyotoka tumboni, na tusidanganyane, Wamaitha alimpendea kicheko kile. Akakata simu ya Natalie bila kuaga.

Jina lake lilikuwa Sébastien Byamungu, Mkongomani. Aliendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo, kwenye ghala moja Jordbro. Wamaitha alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, na kila Februari, barafu inapomchosha, alikwenda kupiga mbizi kisiwa cha Bonaire, bahari ya Karibiani. Baada ya miezi mitatu ya kahawa na matembezi alimwambia twende wote. Sébastien alijiandikisha mafunzo ya Jumapili kwenye bwawa la ndani, kwa mwalimu Mswidi aliyeitwa Rebecka.

Kila jioni simu ililia.

"Seba, umenunua miwani?"

"Si nitakodisha kule?"

"Mapezi kodisha, mtungi wa hewa kodisha. Miwani nunua hapa, uijaribu usoni. Ikivuja, likizo yote utakunywa chumvi."

"Glavu niko nazo za kazi. Nzuri kabisa."

"Glavu kule ni marufuku. Mtu akivaa glavu anaanza kushikashika matumbawe."

"Na mikono yangu ikitaka kushika kitu?"

"Itashika mkono wangu. Nyamaza, andika. Bima ya wapiga mbizi. Shati la mikono mirefu, kwa sababu mafuta mengine ya jua yanaua matumbawe. Gari tutaliacha madirisha wazi, ndani bila kitu, hata taulo, ndiyo mwizi asivunje kioo. Masikio unayafungua kabla hayajauma. Na siku ya mwisho hatuzami."

"Siku nzima?"

"Ukizama leo na kesho asubuhi uko kwenye ndege, hewa iliyobaki mwilini inageuka mapovu kwenye damu."

"Basi siku hiyo tutafanya nini, chérie?"

"Utanipikia."

Jikoni kwake Hagsätra, Wamaitha alimfundisha ishara za chini ya maji. Kidole gumba na cha shahada vikifanya mduara, niko sawa. Kidole gumba juu, nimemaliza, tupande.

"Mmoja akikionyesha, mwenzake anapanda naye. Haulizi kwa nini, halalamiki, hata baadaye. Ukimlazimisha mtu kubaki chini, unaweza kumuua."

"Hata baadaye?"

"Hata baadaye."

Sheria hiyo Wamaitha aliipenda kupita kiasi. Ndoa yake ya kwanza ilimchukua miaka miwili kutoka, kila siku akidaiwa sababu. Aliapa hatamfanyia mtu hivyo.

Jumanne moja ya Januari, saa ya mapumziko, alimwandikia: "Nakata tiketi sasa hivi. Na tukirudi nataka uhamie kwangu. Uko na mimi kweli?"

Sébastien alikuwa juu ya foklifti, lori linangoja mlangoni. Alivua glavu kwa meno, akasoma, moyo ukaruka. Akabonyeza picha ya kwanza aliyoiona: kidole gumba, juu. Kwake ilikuwa ndiyo, tena ndiyo mbili.

Wamaitha alikitazama kile kidole mpaka chai ikapoa. Halafu akakata tiketi moja. Akaandika: "Sawa. Sitakuuliza tena."

Sébastien aliona hayo ni maneno ya mwanamke aliyeridhika. Alitabasamu hadi jioni. Jioni akapiga simu, haikupokewa. Kesho yake pia. Alhamisi akampigia Natalie.

"Anasafiri peke yake," Natalie alisema. "Amenikataza kuongeza neno."

Basi amepanda juu, aliwaza, na mimi nilikatazwa kuuliza. Akanyamaza wiki tatu. Watu wazima wawili, kila mmoja chumbani kwake, wakiheshimiana mpaka wanakonda. Ujinga wa aina hiyo huwapata watu waungwana tu.

Bwawani aliendelea kwenda, maana hakujua akae wapi Jumapili. Siku hiyo walikuwa chini, mita tatu. Rebecka alimwonyesha mduara wa vidole: uko sawa? Sébastien, mawazo mbali, akainua kidole gumba. Mara Rebecka akamkamata fulana, akampandisha juu.

"Nini kibaya?" aliuliza kwa Kiswidi.

"Hakuna. Nimesema niko sawa."

"Umesema unataka kutoka. Umeonyesha kidole gumba."

Sébastien alikitazama kidole chake kama cha mtu mwingine.

"Mungu wangu," alisema. "Ile Jumanne."

Alifika Hagsätra saa tisa mchana, amefunga vifungo vya koti vibaya. Wamaitha alifungua mlango, khanga kiunoni juu ya suruali ya sufu. Nyuma yake sanduku lilikuwa wazi.

"Nywele zako zina barafu."

"Kile kidole kilikuwa ndiyo."

"Kidole gani?"

"Cha simu! Ndiyo ya tiketi, ndiyo ya kuhamia. Lori ilikuwa inangoja, nikabonyeza."

Wamaitha alishika mlango kwa mikono miwili.

"Nilikufundisha mwenyewe, Seba."

"Kwenye maji! Jordbro iko maji? Jordbro kila mutu anatumia kidole, hata bosi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ulinikataza. Na wewe, mbona hukuniuliza miye?"

Wamaitha alikaa sakafuni kando ya sanduku, akacheka, machozi yakamtoka katikati ya kicheko.

"Nilidhani nakuheshimu."

"Heshima ya maji ibaki majini. Hapa juu uniulize, chérie. Mara kumi. Sitachoka."

"Ndege ni kesho. Nisiende?"

"Enda. Likizo yangu nilishampa mwenzangu wa kazi. Lakini niachie funguo."

Alikwenda. Siku nane alizama na kikundi cha wageni, akaona kasa na samaki wa buluu, na siku ya mwisho, asiyoruhusiwa kuzama, alikaa kivulini akaongea na Sébastien kwa simu saa nzima kuhusu kabati litakaa ukuta upi.

Aliporudi, pua imebabuka kwa jua, alisimama mlangoni kwake. Penye tundu la barua, mahali jina WANJOHI lilipokaa peke yake miaka sita, palikuwa na karatasi mpya juu yake: BYAMUNGU.

"Seba! Umehamia juzi, na jina lako liko juu ya langu?"

Alifungua akiwa na aproni, vitunguu vinanukia nyuma yake. "Ni alfabeti. B mbele ya W. Miye sikuipanga."

"Na yamebanana. Mtu wa posta atasoma nini?"

"Hata mimi nimeona. Nafasi ni ndogo." Akafuta mikono kwenye aproni, polepole. "Jina moja lingetosha."

Wamaitha aliachilia mkono wa sanduku.

"Hilo ni swali?"

"Ni swali. Nauliza."

"Ndiyo," alisema. "Lakini hiyo alfabeti yako isituchagulie ni jina lipi."