Hatua Elfu Thelathini na Moja

Nilitoka kiwandani jua likizama, miguu ikiniwaka kama niliyetembea kutoka mji mkuu, Santo Domingo, hadi kwetu San Pedro. Na kazi yangu ni ya kukaa. Nashona kola za mashati, kutwa nzima kitini.

Nilipitia kwa Fausto, fundi wa simu karibu na soko la San Pedro, nikavua saa ya mazoezi ya marehemu mume wangu na kumpa. Ulises aliivaa kwa amri ya daktari, atembee kila siku kwa ajili ya moyo. Alifia barabarani, akitembea. Tangu tumzike, miezi minne sasa, naivaa mimi.

"Zamani ilikaa na chaji siku tano," nikamwambia. "Siku hizi saa nane mchana imeshazima."

"Doña Nereida, hii imezeeka. Hata mimi saa nane nishazima."

Sikuwa na nguvu ya kucheka.

Akaichaji kidogo hadi ikawaka, akapunguza mwanga wa kioo. Akafunga ujumbe wa simu usiingie. Akaizima, akaiwasha upya. Kisha akafungua hesabu ya hatua, na kidole chake kikasimama.

"Leo umekwenda wapi?"

"Nimekaa tu."

"Hatua elfu thelathini na moja..."

Jana vilevile. Juzi vilevile.

Akaiweka mezani, mgongo juu. Haikumgusa mtu. Lakini ile taa ya kijani inayosoma mapigo ya moyo ilikuwa ikipepesa, na simu ya Fausto, aliyoiunganisha na saa, ikaonyesha namba.

Hamsini na nane.

Sitini na moja.

"Wakati mwingine hata kitambaa huidanganya," alinong'ona.

Hapakuwa na kitambaa. Ikanijia harufu ya jasho na sabuni... harufu ya shati la Ulises.

"Hiki ndicho kinachomaliza betri," Fausto akasema bila kunitazama. "Inasoma moyo bila kupumzika. Nikifunga hapa, itakaa. Nifunge?"

Nilimfikiria Ulises. Halafu nikafikiria ngazi za nyumbani, ghorofa tatu.

"Funga."

Taa ya kijani ikafa.

Nikashika njia. Kwenye kona ya duka la mikate, nyuma yangu, nyayo zikasimama.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kulikuwa na nyayo. Miezi minne zilinifuata, nami nimezizoea kama pumzi yangu.

"Nere..."

Ni Ulises tu aliyeniita hivyo. Sikugeuka. Nilikuwa nimechoka mno.

Sasa betri inakaa siku tano. Miguu imepona, nalala. Fausto anasema ni uchakavu wa kifaa tu, nami namwacha aseme. Ila kona ile siipiti tena.

Jumapili, nje ya kanisa, mama wa duka la mikate alinivuta pembeni. Kuna mwanamume, akasema, kila jioni anasimama mlangoni kwake. Haingii, haondoki. Kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

"Unamjua, mwenzangu?"

Nikamwambia simjui.