Shimo Nyuma ya Ukuta

Wajukuu zangu, mmewahi kuogopa kitu mpaka mkaona aibu hata kukitaja? Basi hivyo ndivyo alivyokuwa Avelina wa Chanika, binti wa darasa la sita.

Kila akirudi shule alivua sare, akala kiporo chake, akachukua ndoo na jembe. Baba yake, Gozbert, alikuwa akiongeza chumba cha matofali mabichi ya udongo. Msingi wa mawe ulikuwa tayari, kuta zimesimama, bati limeezekwa. Kilichobaki ni kukandika. Kazi ya Avelina ilikuwa kuleta udongo wa kichuguu kilichokuwa ng'ambo ya shamba la mihogo.

"Udongo wa mchwa unashika, mwanangu," baba alimwambia. "Tukiuchanganya na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, ukuta utatulia."

Lakini Brightson, mtoto wa jirani, alikuwa na yake. "We Avelina, kichuguu kile kina nyoka, koboko. Kichwa kama hiyo ndoo yako!"

"Mwongo!"

"Haya, nenda. Akikumeza, ndoo nitarithi mie."

Avelina alicheka, ila miguu iligoma. Akazunguka nyuma ya chumba kipya, akachimba pale pale chini ya ukuta. Kesho yake akachimba tena, na keshokutwa tena, mpaka shimo likaingia chini ya mawe ya msingi. Akalifunika kwa makuti makuukuu.

"Mbona tope hili halishiki?" baba aliuliza, akilisugua viganjani. "Umechota kichuguuni kweli?"

"Ndiyo, baba."

Tangu hapo Avelina hakuwa na raha. Alikuwa na hofu ya koboko. Sasa akaongeza na hofu ya shimo.

Jumamosi mchana wingu zito lilifunga upande wa Kisarawe, mvua ikamwagika. Mama alikuwa sokoni. Baba alikuwa barazani akinoa panga, na mdogo wake Avelina, Daniel, amelala mkekani ndani ya chumba kipya, kichwa kimeelekea ukutani. Avelina akachungulia nyuma. Maji yote ya mteremko yalikuwa yakiingia shimoni. Jiwe moja la msingi likachomoka, chubwi! Ufa ukapanda ukutani kama mjusi anayekimbia.

Avelina akasita. Akisema, baba atajua alidanganywa. Asiposema je? Akamkumbuka Daniel.

"Baba! Ukuta! Ukuta, baba!"

Akaingia ndani mbio, akamnyakua mtoto. Hajavuka mlango vizuri, kona nzima ikaporomoka. Matofali yakaufunika mkeka pale pale palipokuwa na kichwa cha Daniel.

Baba aliwapapasa wote wawili, kisha akakimbilia miti ya mirunda kuegemeza paa. Brightson akaja na chepe, wakachimba mfereji kuyaondoa maji.

Mvua ilipokatika, Avelina alisimama mbele ya shimo. "Mie ndiye niliyechimba, baba. Sikwenda kichuguuni. Nilikudanganya."

 Baba akaokota kipande cha tofali.

"Watu watasema udongo ni dhaifu," alisema. "Udongo hauna kosa. Nyumba ya udongo alimonizalia bibi yako ingali imesimama. Lakini hata ukuta wa zege, ukiuchimba chini, utaanguka. Shimo hili tungelifukia siku ile ile, kama ungesema. Ulilificha, nusura limchukue mdogo wako. Kosa likisemwa mapema hurekebishika, mwanangu. Likifichwa, linakua."

Avelina akafuta machozi.

"Tutajaza mawe, tutafyatua matofali mengine," baba akaendelea. "Kesho uchukue ndoo, ukalete udongo wa kichuguu."

 Avelina akafungua mdomo aseme "sawa, baba," kama siku zote. Akaliangalia shimo. Akamwangalia Daniel, anayechezea tope bila habari. Brightson naye akainamisha macho.

"Baba," Avelina alisema, "kichuguu kile nakiogopa. Tangu siku ya kwanza nilitaka kukuomba twende wote."