Uzi wa Machi kwenye Bomba la Gesi

Vesela Tosheva alikutwa sakafuni Jumamosi, saa nne asubuhi, katika chumba cha chini cha maabara ya maji ya mji wa Rudovo. Shavu lilikuwa limelalia vigae, miwani bado iko usoni. Hakuwa na jeraha, wala hapakuwa na kiti kilichopinduka. Ungedhani aliinama kutazama kitu chini ya mashine, akasahau kuinuka. Stanka, mlinzi, ndiye aliyemwona kupitia kioo cha mlango, na kwa bahati alikimbilia simu badala ya kuingia. Angeingia, wangebeba maiti mbili.

Inspekta Rumiana Chakarova alipofika, wazima moto walikuwa wamekwisha kupuliza hewa safi chumbani. Mkubwa wao alimwelekeza kwenye bomba jembamba la shaba lililotoka kwenye mtungi ukutani hadi nyuma ya mashine kubwa, ile inayopima sumu za madini kwenye maji.

"Ni gesi ya agoni," alisema. "Bila hiyo mashine haiwaki. Haina harufu, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa. Inajaa chini kama maji kwenye beseni. Ukiinama tu, umekwisha."

"Nati ya bomba hili inaweza kulegea yenyewe?"

"Hii? Wapi! Imefunguliwa kwa spana. Tazama, kingo zimekwaruzwa, na mikwaruzo ni mipya."

Rumiana aliwasha tochi akasogeza uso karibu. Chini ya nati palikuwa na kipande cha uzi kisichozidi urefu wa kucha, mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja. Akanyanyua macho. Mashine nyingine tatu za chumba kile zilikuwa zimefungwa uzi wa namna hiyo kwenye mabomba yao, kila uzi na kipete kidogo cha shaba. Hii kubwa haikuwa nao.

"Ni uzi wa Machi," alisema Stanka kutoka mlangoni, kitambaa mdomoni. "Sisi tunajifunga mkononi, Vesela akasema mashine nazo zinataka afya. Tarehe mosi alizifunga zote, na kila uzi akautia kipete cha bomba kilichochakaa. Vipete ni vya mashine tu. Sisi watu tulipewa nyuzi za kawaida." Akaanza kulia. "Hata friji ya vyakula vyangu aliifunga, maskini."

Polisi walipekua mapipa yote ya jengo. Walikuta vikombe vya karatasi, glovu, maganda ya mbegu za alizeti. Uzi haukuwemo, na Rumiana hakushangaa. Tangu utoto wake hajapata kumwona mtu yeyote akiutupa uzi wa Machi kwenye taka. Unauvaa mpaka uone mti umechanua, halafu unaufunga tawini. Anayeutupa anatupa afya ya mwaka mzima, ndivyo bibi yake alivyokuwa akisema, na hata maprofesa wanaocheka mambo hayo huwa hawajaribu.

Aliyefungua nati alilazimika kwanza kuukata uzi ule. Sasa uko wapi?

Mkurugenzi wa maabara, Dakta Plamen Gochev, alihojiwa ofisini kwake saa saba mchana. Jasho lilikuwa likimtiririka ilhali dirisha lilikuwa wazi.

"Feni ya kutolea hewa ilikuwa imezimwa," alisema Rumiana. "Nani aliizima?"

"Mimi niliagiza. Kila Ijumaa jioni inazimwa. Inspekta, unajua bei ya umeme..."

"Sikukuuliza bei. Ulijua Vesela angekuja Jumamosi?"

"Hakuna aliyejua! Alinipigia asubuhi yuko njiani. Chupa yake ilikuwa imefika kutoka Sofia jana."

"Chupa gani?"

Gochev alishusha pumzi. Mashine, alieleza, haijui chochote mpaka ifundishwe. Unainywesha kwanza maji ya kipimo, yaani maji yenye kiasi cha sumu ya aseniki kinachojulikana, ndipo inaweza kuhukumu maji ya watu. Chupa ya maji hayo huletwa na fundi kila anapokuja kuikagua mashine. Lakini Vesela alikuwa ameanza kuitilia shaka chupa iliyopo, akaagiza mpya kimyakimya.

"Kwa nini aliitilia shaka?"

"Watu wa kijiji cha Gorni Izvor wanalalamika. Madoa kwenye mikono, ngozi inakuwa ngumu. Maji yao yanatoka chini ya mgodi, sisi tumeyapima miaka yote na tukayakuta safi. Nilimwambia aache kusumbua watu na hisia zake." Akafuta paji la uso. "Nilimwambia vibaya kidogo."

Rumiana mwenyewe ni mtoto wa Gorni Izvor. Mama yake bado anaishi huko, ana madoa kama hayo kwenye viganja, na daktari amempa mafuta ya kupaka. Mwaka jana mama alipotaka kuacha maji ya chemchemi, Rumiana ndiye aliyemwambia: kunywa, mama, maabara imesema ni safi.

Akaomba chupa zote mbili zipelekwe Sofia kupimwa siku hiyohiyo. "Na king'ora cha hewa pale ukutani? Mbona hakikulia hewa ilipopungua?"

"Betri imekufa. Tangu vuli, nadhani. Fundi Zahari ndiye anayekitunza, hukagua vyote kwa ziara moja."

Kabla Rumiana hajamfikia fundi, kila mtu mjini alikuwa amekwisha kumhukumu mume wa Vesela. Ivo Toshev alikuwa msimamizi wa zamu mgodini, na wiki iliyopita alikuwa amepiga ngumi meza ya baa akisema ataivunjavunja hiyo mashine ya mkewe. Rumiana alimkuta jikoni kwake, amekaa mbele ya bilauri ya rakia, pombe kali ya matunda, ambayo hakuigusa.

"Nilisema, ndiyo," alisema kabla hajaulizwa. "Mgodi ukifungwa nitakula nini, mawe? Tuligombana. Nikamwambia anataka kutuua kwa njaa. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, Inspekta, haya, yaandike!"

"Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

"Chini ya ardhi. Uliza watu arobaini."

Uzi wake ulikuwa bado mkononi, umechafuka kwa vumbi la mgodi. Rumiana aliwauliza wachimbaji wa zamu yake, na wote walisema alikuwa nao shimoni mpaka usiku. Gochev naye alikuwa Ijumaa ile kwenye harusi ya mpwa wake huko Plovdiv, amepigwa picha akicheza na kila shangazi.

Jumapili jioni Rumiana alirudi kwa Stanka.

"Niambie tena. Ijumaa baada ya kazi, nani aliingia?"

"Nimeshasema. Hakuna mgeni aliyeingia."

"Na asiye mgeni?"

Stanka alimtolea macho, kisha mkono ukaenda mdomoni. "Mama yangu! Zahari alikuja. Saa kumi na mbili hivi, na begi lake la spana. Alisema pampu inapiga kelele. Lakini uliniuliza mgeni, dada, na Zahari si mgeni! Huyu ameingia humu tangu mimi sijaajiriwa. Alimfundisha Vesela kazi. Alikuwa akimwita 'binti yangu'."

Jibu la Sofia lilitoka Jumanne. Alasiri hiyo Rumiana aliendesha gari hadi Gorni Izvor, na polisi mmoja nyuma yake. Nyumba ya Zahari Ganchev ilitazamana na chemchemi ya kijiji, hatua chache tu chini ya nyumba ya mama yake Rumiana. Mplamu wa uani ulikuwa umechanua wote, na kwenye matawi yake ya chini zilining'inia nyuzi za familia.

Mzee alikuwa amevaa sweta lililofumwa na marehemu mkewe. Alimkaribisha kwenye meza ya nje, akammiminia maji kutoka chupa ya dukani. Mabunda ya chupa kama hizo yalikuwa yamepangwa chini ya ngazi, yamefunikwa turubai.

"Rumi, mwanangu. Umekuwa mkubwa hata huji kutusalimia."

"Nimekuja kikazi, mzee. Ijumaa ulikwenda maabara?"

"Ijumaa?" Akakuna kidevu. "Ah, pampu. Niliigusa kidogo nikaondoka. Yule msichana... sijalala tangu Jumamosi."

"Pampu ipo upande wa dirisha. Bomba la gesi hukuligusa?"

"Kwa nini niliguse?"

Rumiana alisimama akaenda kwenye mplamu. Hakuchukua muda. Kati ya nyuzi za wajukuu kulikuwa na mmoja ambao ncha yake ilikuwa imekatwa kwa koleo, na katikati yake kipete kidogo cha shaba. Alitoa kutoka mfukoni kifuko cha plastiki chenye kile kipande cha uzi, akakishika kando ya ule uzi wa mtini.

"Alinipa mwenyewe," alisema Zahari upesi. "Zawadi."

"Zenye kipete ni za mashine tu, mzee. Stanka amesema, na nimeulizia kila aliyepewa. Huu ulikuwa juu ya ile nati. Fundo lilikataa kufunguka, ukaukata, ukautia mfukoni. Ulipofika nyumbani mti umechanua. Ungeweza kuutupa njiani, lakini mikono yako haijui kuutupa. Na yangu pia haijui."

Zahari alikaa. Ghafla alionekana mzee kweli.

"Unanikamata kwa uzi?"

"Kwa uzi na kwa chupa. Chupa ya zamani pale maabara ina lebo mpya, lakini maji yake ni ya miaka mingi. Kifuniko kinapumua. Maji yamekauka kidogokidogo, aseniki imebaki ndani. Imekuwa kama supu iliyoachwa jikoni, kila ukirudi chumvi imezidi. Lebo inasema sumu ni kidogo, kumbe ni nyingi, na mashine imefundishwa hivyo. Kwa hiyo inaona sumu nyingi, inasema kidogo. Ulikuwa unabandika lebo tu, mzee. Kama ulivyokagua king'ora kwa kukitazama."

"Zilikuwa chupa nzuri," alinong'ona. "Kazi ilikuwa nyingi, maabara kila wilaya, na mimi peke yangu. Nilisema mwaka ujao nitaleta mpya. Kisha mwaka ukapita, na kuleta mpya ingekuwa kukiri." Akamgeukia Rumiana. "Nilitaka gesi iishe tu! Jumatatu mashine isingewaka, wangeniita, ningekuwa peke yangu na ile chupa mpya aliyonitajia mwenyewe, ningeichanganya na ya zamani. Sikujua atakuja Jumamosi. Rumi, naapa. Yule alikuwa binti yangu."

Rumiana alimwamini, na kumwamini kulimuuma zaidi. Alikuwa karibu kugeuka amwite polisi, macho yake yakaangukia tena ngazi, turubai, na mabunda ya chupa za dukani. Chemchemi ilikuwa ikimwaga maji mbele ya lango.

"Tangu lini unakunywa ya dukani, mzee?"

Rumiana alikwenda akalifunua turubai.

"Bunda la juu linasema chupa zimetoka kiwandani vuli iliyopita. La chini ni la kabla ya hapo. Ulijua. Mwaka mzima umekaa uani hapa, unatazama kijiji kizima kikiteka maji pale. Mama yangu hupita na ndoo kila asubuhi. Ulikuwa unamfanyia nini?"

"Namsalimia," alisema mzee, kwa sauti ambayo ilikuwa ngumu kusikika. "Ningemwambia nini?"

Akachukuliwa. Majirani walitoka kwenye malango yao, wengine wakidhani amepatwa na ugonjwa.

Rumiana alipanda hadi nyumbani kwao. Mama yake alikuwa jikoni, chungu cha maharage kinachemka, na ndoo ya maji ya chemchemi imefunikwa sahani safi. Rumiana aliinyanyua ndoo akaimwaga kwenye sinki yote, kisha akarudi kuchukua chungu.

"We mtoto! Una wazimu? Ni ya asubuhi hii!" Mama alimshika mkono kwa viganja vyake vigumu vyenye madoa. "Acha kunitia hofu bure. Yale maji yalipimwa. Si wewe mwenyewe uliniambia ninywe?"