Ushindi Usiowezekana

Kila Ijumaa baada ya masomo, wanafunzi wa kilabu cha sayansi katika shule moja ya msingi mjini Machakos walikutana na Mwalimu Kalunde. Ijumaa hiyo, mwaka wa 2003, mwalimu alileta mchezo. Timu bora ingewakilisha shule kwenye maonyesho ya wilaya.

Nuha alicheza na Tariq na Nduku. Kila mmoja alielekea ukuta wake akiwa na kadi ya siri. Ama kadi zote zilikuwa nyeupe, ama mbili zilikuwa nyeusi. Bila kusemezana, kila mmoja aliamua kuinua mkono au kutoinua. Ili kushinda, kadi zote zikiwa nyeupe, mikono iliyoinuliwa iwe miwili au isiwepo kabisa. Zikiwamo nyeusi, iwe mmoja au mitatu.

"Wewe usiinue kamwe," Tariq alimwambia Nuha mapema. "Mengine tuachie."

Walishinda kila raundi. Nuha alikuwa akishangilia mwalimu aliposema, "Timu hii imedanganya."

Damu ilimchemka Nuha. "Hakuna aliyeongea, Mwalimu. Unatuonea tu."

"Kadi zinaweza kupangwa kwa njia nne," mwalimu akajibu. "Mpango wowote mtakaokubaliana utawaangusha angalau katika njia moja. Wanasayansi wamegundua kwamba chembe za mwanga zilizofungamana kikwantamu, yaani zinazotenda kama kitu kimoja hata zikiwa mbalimbali, zingewawezesha wachezaji watatu kushinda daima bila kupashana habari. Nyinyi mna chembe hizo?"

Nuha akakumbuka kikohozi alichokisikia katika raundi kadhaa. Kisha akamgeukia Tariq. "Mbona ulikuwa ukikohoa?"

Tariq akainamisha kichwa. "Nikipata nyeusi, nakohoa. Nduku huinua mkono akinisikia au akiwa na nyeusi mwenyewe; mimi siinui kamwe."

"Na mimi mkanificha?"

"Usingekubali," Nduku akanong'ona.

"Mmenifanya nimvunjie mwalimu heshima kwa ajili ya uongo wenu," Nuha akasema. "Nisamehe, Mwalimu. Naomba turudie, na asikohoe mtu."

Walirudia, wakashindwa raundi kadhaa. Timu nyingine ikachaguliwa. Tariq na Nduku waliomba msamaha, lakini Nuha alikuwa bado amekunja uso.

"Una haki ya kukasirika," Mwalimu Kalunde akamwambia, "ila siku nyingine uliza kwanza, ndipo ukasirike." Akawageukia Tariq na Nduku. "Njia ya mwongo ni fupi. Mimi mngeweza kunidanganya, lakini hesabu haidanganyiki. Na mwenzenu aliyewatetea ndiye mliyemuumiza zaidi."